Somo la Redio: Kanisa la Magogo la Sitka

Leo tutazungumza juu ya kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Mikaeli, lililo katika mji mdogo wa Sitka. Mji huo uko Alaska, upande wa kaskazini-magharibi wa Amerika, kando ya bahari.

Wenyeji wa Sitka ni Watlingit. Zamani Warusi walifika huko kutafuta ngozi za wanyama wa baharini, wakaitawala nchi. Askofu wao aliitwa Innocent Veniaminov. Kabla hajawa askofu, alikaa katika visiwa vya Waaleuti. Lugha yao ilikuwa haina maandishi. Basi yeye, akisaidiwa na mkuu mmoja wa Waaleuti, akaitengenezea herufi, na watu wakajifunza kusoma.

Kanisa la Sitka lilianza kujengwa mwaka wa 1844, likawekwa wakfu mwaka wa 1848. Lilijengwaje? Huko miti ni mingi sana, kwa hiyo kuta zilikuwa za magogo. Nje zilifunikwa kwa mbao, na ndani kwa kitambaa cha matanga ya meli. Chora msalaba katika daftari lako: hilo ndilo umbo la kanisa. Katikati weka kuba. Mwisho wa upande wa magharibi weka mnara wa kengele. Ndani, mbele ya altare, mna ukuta wenye picha takatifu na milango. Ukuta huo huonekana katika makanisa mengi ya Kiorthodoksi.

Mwaka wa 1867 Urusi iliiuza Alaska kwa Marekani kwa dola milioni 7.2. Bendera ikabadilika, lakini kanisa likabaki na watu wake.

Sasa sikilizeni vizuri. Tarehe 2 Januari 1966, moto ulizuka katika majengo ya biashara ya mji. Ukaenea mpaka kanisani. Magogo makavu ya zaidi ya miaka mia moja hayana subira na moto! Watu wa mji walikuja mbio, wa kanisa hilo na wasio wa kanisa hilo. Walijipanga mstari, wakapokezana picha na vyombo mkono kwa mkono mpaka nje. Vitu vingi vya thamani viliokoka. Jengo lenyewe likateketea.

Je, unaweza kulijenga tena jengo ambalo limekwisha kuwa majivu? Watu wa Sitka waliweza, kwa sababu ya karatasi. Mwaka wa 1961, miaka mitano kabla ya moto, wachoraji wa serikali walikuwa wamelipima kanisa na kuandika vipimo vyake. Mafundi wakafuata michoro hiyo. Safari hii walitumia saruji na chuma, vitu visivyoshika moto upesi. Kanisa jipya liliwekwa wakfu mwaka wa 1976, kwa sura ile ile ya zamani.

Kazi yenu ni hii. Chagua jengo la zamani karibu na kwako: msikiti, kanisa, shule au nyumba. Pima kwa hatua urefu na upana wake. Waulize wazee lilijengwa lini, na nani, na kwa vitu gani. Kisha andika sentensi tano, utie na tarehe. Usingoje moshi uonekane.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.