Kidole Gumba cha Mashine ya Kuchimba



Ni wachache katika nchi hii, wawe wakaaji wa mjini au wa mashambani, ambao hawajapata kuiona mashine ya kuchimba udongo ikifanya kazi. Huonekana penye barabara mpya, penye bwawa, penye machimbo ya mawe na penye msingi wa jumba kubwa. Hutembea juu ya minyororo mipana ya chuma, kibanda cha dereva huzunguka juu yake, na mbele kuna mkono mrefu wenye ndoo ya meno. Wengine huiita kijiko, na jina hilo laifaa, kwa kuwa kazi yake tangu mwanzo ni kuchota.

Lakini kazi si kuchota siku zote. Dereva akiisha kuondoa udongo hukuta jiwe kubwa la mviringo, au kisiki chenye mizizi, au gogo la mkaratusi, au bamba la zege lililovunjika na vyuma vyake vikichomoza. Vitu hivi havikai vizuri ndani ya ndoo. Akijaribu kulichota jiwe, huteleza mbele ya meno. Akilipakata juu ya mdomo wa ndoo, huviringika na kuanguka mahali asipopataka. Hapo ndipo linapoingia shauri: mashine iliyofanywa ipate kuchota, itawezaje kushika? Na ikiisha kushika, itawezaje kuinua bila kumdhuru mtu? Hayo ni maswali mawili, wala si moja, na hatari kubwa huanza pale mtu anapodhani kwamba jibu la swali la kwanza latosha kuwa jibu la swali la pili.

Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye kutaka kujua kisa cha mashine hii na autazame mkono wake mwenyewe. Mkono wa mashine una bega, una kiwiko, una kigasha, na ndoo imeungwa mwisho wa kigasha kama kiganja penye kifundo. Ndoo hukunjika kuelekea ndani, kama vile vidole vinne vinavyokunjika. Kinachokosekana ni kidole gumba. Mtu asiye na kidole gumba aweza kuchota maji na kukumba mchanga, lakini kushika jembe kwampa taabu kubwa. Basi mafundi wakaipa mashine kidole hicho.

Jambo hili lisingaliwezekana vyema katika mashine za zamani. Mashine ya kwanza ya kuchimba kwa mvuke ilibuniwa Marekani na William Otis, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1839. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo, mashine nyingi za kuchimba ziliendeshwa kwa minyororo au kwa kamba za chuma. Na kamba huvuta tu, haiwezi kusukuma. Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1950, wakati makampuni ya Ulaya, kama vile Poclain ya Ufaransa na Demag ya Ujerumani, yalipoanza kuuza mashine zinazotumia nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu ndani ya mabomba.

Kanuni ya nguvu hiyo ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kitu cha majimaji kilichofungiwa kikisukumwa, msukumo huo huenea sawasawa pande zote. Katika mashine kubwa za siku hizi mafuta hufikia msukumo wa kilo 350 hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Pistoni yenye upana wa sentimita 10 ina uso wa sentimita za mraba zipatazo 78; kwa hiyo huweza kusukuma kwa nguvu ya tani 27 hivi. Tena mafuta yakipelekwa upande wa pili wa pistoni, huirudisha ilikotoka. Ndiyo maana mkono wa mashine huweza kufumba na kufumbua.

Kidole gumba chenyewe ni chuma kinene chenye ncha mbili au zaidi, nacho huungwa upande wa chini wa kigasha, kikiielekea ndoo. Kuna namna mbili. Namna ya kwanza ni kidole kisichojongea chenyewe. Hushikiliwa na mhimili wenye matundu, na mfanyakazi hutia pini katika tundu moja au jingine kabla ya kazi kuanza. Bei yake ni ndogo, nacho chafaa kwa mtu anayeinua magogo au mawe mara mojamoja. Upungufu wake ni kwamba ndoo hukutana nacho vizuri katika pembe moja tu. Dereva akiigeuza ndoo huku ameshika mzigo, mshiko hulegea.

Namna ya pili ni kidole chenye pistoni yake. Dereva hukifumba na kukifumbua akiwa katika kiti chake, na ndoo inapogeuka kidole huifuata, hata jiwe likabaki limebanwa kati yao. Kidole cha namna hii huhitaji njia ya ziada ya mafuta, kama ile inayotumiwa kuendeshea nyundo ya kuvunjia miamba.

Fundi anayetaka kukiunga kidole hicho hana budi kuyaangalia mambo matatu. La kwanza ni urefu. Ncha za kidole lazima zikutane na meno ya ndoo na kupishana nayo, kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana. Kikiwa kifupi, vitu vidogo huponyoka. Kikiwa kirefu mno, hugonga ndoo au huzuia uchimbaji.

La pili ni nguvu. Pistoni ya ndoo kwa kawaida hukishinda kidole. Dereva akikunja ndoo kwa nguvu zote, kidole ambacho mafuta yake hayana pa kutokea hupinda au huvunjika. Kwa sababu hii hutiwa valvu inayoyaachia mafuta msukumo unapozidi kiasi, ili kidole kirudi nyuma kidogo badala ya kuvunjika.

La tatu ni kuchomelea. Kigasha cha mashine hupata mkazo mkubwa kwa urefu wake. Mshono wa kuchomelea unaopita mkingamo, kukata njia ya mkazo huo, waweza kuwa mwanzo wa ufa. Basi mshono mkuu hufuata urefu wa kigasha, na maelekezo ya mtengenezaji hufuatwa neno kwa neno. Tena, kabla ya kuchomelea, betri hufunguliwa waya zake, maana umeme wa kuchomelea waweza kuviharibu vyombo vya mashine.

Kidole gumba si njia pekee. Mahali penye kazi nyingi za kushika, ndoo huondolewa kabisa na koleo kubwa la chuma huwekwa badala yake. Katika misitu hutumiwa koleo la magogo lenye makucha kama magando ya kaa. Katika viwanja vya vyuma vikuukuu hutumiwa koleo la makucha manne au matano, ambayo yakifumba hukutana kama maganda ya chungwa lililomenywa. Nchini Sweden, tangu miaka ya 1980, kimeenea kifundo kinachoiwezesha ndoo au koleo kuzunguka na kulala upande, kama kifundo cha mkono wa mtu. Nayo kampuni ya Hitachi ya Japani ilitengeneza mashine yenye mikono miwili, ili mmoja ushike na wa pili ukate. Mashine za namna hiyo zilitumiwa katika kuondoa vifusi baada ya mawimbi makubwa ya bahari yaliyoipiga Japani tarehe 11 Machi 2011.

Hadi hapa swali la kwanza limejibiwa. Sasa lafuata la pili, nalo ndilo linalohusu uhai wa watu.

Kushika si kuinua. Mashine yaweza kukibana kitu kwa nguvu ya kutosha kukipondaponda, kisha ishindwe kukiinua, au ikiinue na kupinduka nacho. Sababu ni wenzo. Mzigo wa tani 2 ulio mita 4 mbele ya ukingo wa minyororo huivuta mashine ianguke sawasawa na mzigo wa tani 1 ulio mita 8. Kwa hiyo jiwe lililoinuliwa kwa urahisi karibu na mashine laweza kuipindua dereva anaponyosha mkono kuliweka mbali. Tena mashine nyingi huwa na nguvu ndogo zaidi mzigo unapokuwa ubavuni kuliko unapokuwa mbele, kwa kuwa upana wa minyororo ni mdogo kuliko urefu wake.

Watengenezaji huandika hesabu hizi katika kibao cha uzito ambacho dereva apaswa kuwa nacho. Kwa kanuni iliyokubaliwa na mataifa, uzito ulioandikwa hapo haupiti asilimia 75 ya ule unaoweza kuipindua mashine, wala asilimia 87 ya ule unaoweza kuinuliwa na nguvu ya mafuta. Lakini hesabu hiyo ni ya ardhi ngumu na iliyo sawa. Penye tope au mteremko haifai kutegemewa. Tena kidole gumba chenyewe kina uzito. Katika mashine ya tani 20 chaweza kuwa na kilo mia kadhaa, nazo lazima zitolewe katika hesabu ya mzigo.

Macho hudanganya juu ya uzito. Jiwe la granaiti lenye mita moja kila upande lina tani 2.6 au zaidi. Gogo bichi la mkaratusi lenye urefu wa mita 6 na upana wa sentimita 60 laweza kufika tani moja na nusu. Bamba la zege la mita 3 kwa 2, lenye unene wa sentimita 15 tu, lina tani 2 na zaidi. Anayekadiria kwa macho bila kupima huifanya bahati kuwa msimamizi wake.

Kuna vitu visivyofaa kubanwa kabisa. Bomba la zege hupasuka likibanwa na meno ya ndoo. Bomba la namna hiyo huinuliwa kwa mikanda au minyororo iliyofanywa kwa kazi hiyo, ikitundikwa katika pete ya kuinulia, wala si katika meno ya ndoo, ambako huweza kuteleza. Mpira wa mafuta nao waweza kupasuka ghafula, na mkono ukaanguka. Ndiyo maana mashine inayoinua mizigo yapasa kuwa na valvu za kuyazuia mafuta yasitoroke. Tena penye kiungo cha kubadilishia ndoo upesi, pini ya usalama hukaguliwa kwa macho kila mara ndoo inapobadilishwa. Katika Uingereza wafanyakazi wamepata kuuawa na ndoo zilizochomoka kwa sababu pini hiyo haikutiwa. Ni pini ndogo, nayo hutiwa kwa muda mfupi tu.

Uzito wa maneno haya haupo katika machimbo na misitu peke yake. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jumba la ghorofa lilianguka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Lakini mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya muda wa saa 80 hivi, na mwanamke mmoja alitolewa akiwa hai siku ya sita. Katika mahali kama hapo bamba moja la zege huwa limelalia jingine, na nafasi iliyobaki kati yao yaweza kuwa ndiyo inayomhifadhi mtu. Ndoo inayochota na kuburura hulitikisa rundo zima na kuiziba nafasi hiyo. Mkono unaoshika waweza kuliondoa bamba moja, taratibu, likaenda juu bila kuyasukuma mengine. Hata hivyo mkono huo ukishika bamba lisilopimwa, likaponyoka, huanguka juu ya wale wale wanaotafutwa. Kwa hiyo mashine husimama kwanza, waokoaji wakasikiliza kama kuna sauti, na vyuma vinavyoliunganisha bamba na rundo vikakatwa, ndipo lishikwe.

Ni wajibu wa kila mwenye mashine, kila msimamizi na kila dereva, kuuliza maswali manne kabla ya kuinua kitu. Kina uzito gani? Kitapelekwa umbali gani kutoka kwenye mashine? Ardhi iliyo chini ya minyororo ni imara? Ni nani aliye karibu? Mzigo hauinuliwi juu ya kichwa cha mtu, wala hakuna atakayesimama mahali ambapo mzigo ukianguka au ukibembea utamfikia. Anayetoa ishara awe mmoja, naye aonekane na dereva wakati wote. Asipoonekana, kazi husimama.

Na wazazi wanaokaa karibu na mahali pa kazi wawakataze watoto kukusanyika kutazama. Jiwe lililobanwa na chuma huonekana kana kwamba limeshikwa imara kabisa, lakini hushikwa kwa muda ule tu ambao mafuta yamo ndani ya bomba na dereva yu macho. Dereva akiwa na shaka juu ya lolote katika maswali hayo manne, na aushushe mzigo chini kwanza, kisha aulize.