Hotuba kuhusu Utunzaji wa Michoro katika Ofisi za Wabunifu Majengo



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo yalivyo pia majengo. Mchoro uliobuniwa kwa ustadi hauna faida endapo fundi aliyeko Nansio anajenga kwa karatasi iliyokwisha kufutwa ofisini Mwanza.

Mwambao wa Ziwa Viktoria hulazimisha mabadiliko ya mara kwa mara. Wachimbaji wa msingi hukuta mwamba usiotazamiwa, na mhandisi hubadili vipimo. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika makazi ya ufukweni. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kila badiliko huzaa karatasi mpya, nayo ya zamani hubaki mikononi mwa mtu.

Kwa hiyo ofisi ya ubunifu yapaswa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kuwa na daftari la michoro lenye namba ya kila karatasi, toleo, tarehe na jina la aliyepelekewa.

(b) Kila mchoro ukaguliwe na mtu asiyeuchora kabla ya kutiwa saini.

(c) Toleo jipya litokapo, nakala za zamani zirejeshwe au zipigwe muhuri wa "IMEFUTWA".

(d) Agizo la mdomo litolewalo kwenye eneo la ujenzi liandikwe siku ile ile.

Kompyuta haiondoi wajibu huu. Mafaili mawili yenye jina moja yana hatari ile ile ya karatasi mbili.

Sheria Na. 4 ya mwaka 2010 imeipa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi jukumu la kuwasajili wanataaluma hao. Mwananchi anayetaka kujenga na aulize kwanza cheti cha usajili, kisha daftari la michoro. Mtumishi anayepokea michoro ya shule au zahanati naye alinganishe tarehe kabla ya kazi kuanza.

Saruji na nondo za kisiwani huvuka kwa chombo. Ukuta uliobomolewa kwa kosa la mchoro hulipiwa mara mbili, na watoto huendelea kusubiri darasa.