Bunduki Mpakani, Ugomvi Shambani

Kila mara silaha haramu zinapotajwa Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, tunaahidiwa msako. Msako pekee hautoshi. Bunduki zilizagaa eneo hili tangu ghala la jeshi la Moroto, Uganda, liporwe mwaka 1979. Lakini kilichowasha moto wa mapigano Mlima Elgon, upande wa Kenya, mwaka 2006 ni ugawaji wa ardhi ya mradi wa makazi wa Chebyuk, ugomvi wa miaka na miaka. Dalili zilionekana: familia zilifukuzwa mashambani, vijana wa kundi la wanamgambo la SLDF wakatoza wanakijiji kodi, wakawakata masikio waliowapinga. Jeshi la Kenya lilifika Machi 2008, mamia wameshazikwa, nalo likashutumiwa kwa kutesa raia. Inauma sana. Ili hayo yasijirudie, malalamiko ya ardhi yanayofikishwa leo kwa chifu yamfikie kamishna wa kaunti wiki hiyo hiyo.