Mpera Usiachwe Bila Mwenyewe
Mazungumzo kwa wakulima katika siku ya mafunzo ya kilimo



Katika maboma mengi mpera haupandwi. Ndege hula pera, huangusha mbegu kando ya ua, na mti huota wenyewe. Ndiyo maana huonekana kama mti usio na mwenyewe: watoto huchuma wanayoyapenda, mengine huozea chini.

Hasara huanzia hapo chini. Inzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, hutaga mayai ndani ya pera. Funza hula tunda, kisha huingia udongoni na kutoka wakiwa inzi. Inzi hao huhamia kwenye maembe, ya mwenye mpera na ya jirani yake. Ni kwa sababu ya inzi wa matunda Kenya ilisitisha kuuza maembe Ulaya mwaka 2014, na mauzo hayo yakarejea 2021.

Kwa hivyo mapera yaliyoanguka yaokotwe angalau mara mbili kwa wiki na kufukiwa kwenye shimo la futi 2 au zaidi. Kuyatupa juu ya lundo la taka ni kuwalea inzi.

Mpera ukitunzwa hulipa. Hubaki kijani mwaka mzima na huvumilia udongo usio na rutuba nyingi. Mche uliopandikizwa huweza kuanza kuzaa baada ya miaka 2 au 3. Shimo liwe la futi 2 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, na kati ya mche na mche iachwe nafasi ya mita 5. Maua hutokea kwenye vichipukizi vipya, kwa hivyo mti hupogolewa baada ya mavuno. Mti mfupi pia ni rahisi kuchuma.

Mapera yachumwe yakikomaa, kabla hayajalainika. Yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Yanayozidi mahitaji ya nyumbani na soko yafaa kwa juisi na jamu.

Mkulima mmoja akiokota na jirani akiacha, inzi watarudi. Kazi hii ifanywe na kijiji kizima, na mwenye swali amwone afisa wa kilimo wa wadi yake.