Betri Kuukuu Nyuma ya Nyumba

 

Hebu tazama nyuma ya nyumba yako. Pengine ipo betri kuukuu ya gari, ile mliyokuwa mkiipeleka sokoni kuchajiwa ili mtazame televisheni kabla ya stima kufika. Sasa imepasuka, na watoto wanaichezea.

Ukitaka kujua ubaya wa kemikali yoyote, uliza maswali mawili: inadumu kwa muda gani, na inaufanya nini mwili? Ganda la ndizi huoza likawa mbolea. Lakini ndani ya betri hiyo mna madini ya risasi, na risasi haiozi. Ukiimwaga leo, mjukuu wako ataikuta.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu nao kilifungwa mwaka wa 2014, lakini risasi ilibaki udongoni. Ilikuwa Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliporudisha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3.

Risasi huingia mwilini kwa mdomo na kwa vumbi. Hupunguza damu, huumiza tumbo na kudhuru ubongo, hata mtoto akawa mzito wa kujifunza. Nyingine hukaa mifupani miaka mingi, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Sasa fikiria milima yetu ya Kisii na Nyamira. Nyumba iko juu, chemchemi iko bondeni. Mvua yetu, nayo haihitaji kusimuliwa, hukokota udongo pamoja na risasi iliyoshikamana nao. Nawe mama utasema, "Mimi huchemsha maji." Vyema, kuchemsha huua viini vya kuhara, risasi hubaki sufuriani vilevile.

Usiivunje betri wala kumwaga asidi yake shambani. Irudishe nzima kwa muuzaji. Ikiwa imekwisha kupasuka, usipande chinsaga wala managu mahali hapo, funika udongo kwa nyasi, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Wewe mjamzito unayetamani udongo, usichimbe hapo kamwe. Mtoto aliyekuwa akiichezea mpeleke hospitali, na umweleze daktari habari ya betri hiyo, maana asipoambiwa huenda akadhani ni minyoo.