Maporomoko ya Kalambo: Tukijue Tunachokionyesha
(Mazungumzo na vijana waongoza wageni)



Hivi karibuni mgeni mmoja aliniuliza tukiwa juu ya maporomoko: "Kwa nini maji yaanguke hapa, na si kwingine?" Nilikosa jibu, nikaona haya. Nimelitafuta, nami nawaletea.

Mto Kalambo, mpaka wetu na Zambia, hutiririka kwa utulivu juu ya uwanda wa juu. Uwanda huo hukatika ghafla mahali ardhi ilipopasuka na kudidimia, likafanyika Bonde la Ufa, na ndani yake Ziwa Tanganyika lenye kina cha takriban mita 1,470. Mto ufikapo kwenye ukingo wa mwamba mgumu hauna budi kuanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, kisha hupita korongoni hadi ziwani.

Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, udongo wenye maji ulihifadhi magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja na binadamu wa kale. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kuwa yana umri wa miaka 476,000 hivi.

Lakini ukingo huo huteleza. Mgeni asiusogelee kwa ajili ya picha. Mzuieni kwa upole, hata akikasirika. Uhai wake ni dhamana yenu.

Mgeni aliyeelezwa vyema na kurudi salama ndiye atakayewaleta wenzake.