Jiwe Lilisema Nini?

Watu wa kale wa Ayalandi walikuwa na mungu wa kike, Brigid, mlinzi wa washairi. Masimulizi ya nchi hiyo hayakuokolewa na wasomi peke yao: kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule wapatao 50,000 walitumwa kwa wazee, wakaandika walichosimuliwa.

Sasa njoo Iringa. Gangilonga, kwa Kihehe, ni jiwe linalosema. Watoto wa mjini hulipanda na kupigia picha. Waulize lilisema nini. Kimya! Ajuaye ni bibi, naye amezeeka.

Walimu wa Iringa na Mbeya, daftari moja latosha. Mtoto aandike kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa, na kalamu nyekundu ikae kabatini.